Safu ya 0.5

Daftari lilikuwa wazi mezani ndani ya nyumba ya pampu, nami nilikuwa nashusha kidole kwenye safu moja tu, ya klorini iliyobaki kwenye maji, miligramu kwa lita. 0.5. 0.5. 0.5. Nikafunua ukurasa wa pili. 0.5 mpaka chini. Nje, kijana mmoja alikuwa anapaka mlango rangi ya buluu, mwenzake anafyeka majani kuzunguka kisima, na barua ya mkaguzi ilikuwa imebandikwa ukutani: anakuja wiki ijayo.

"Fundi," nikamwita, "hii klorini haipandi wala haishuki?"

Hakuinua kichwa. Alikuwa anakaza nati ya pampu ya dozi, ile inayotia klorini kwenye maji. "Bwana mdogo, mtambo ukitulia, namba nazo hutulia."

Jibu lile halikuwa na kasoro. Kisima kirefu kimoja, tanki moja, wateja walewale: namba ziruke kwa nini? Hata hivyo nililala nalo, nikaamka nalo, na mkaguzi alipokuja na kuondoka bado lilikuwa linanichoma. Sikumshuku fundi. Kilichonikera ni kwamba nilikuwa nimepewa kazi ya kupanga mafaili ya ukaguzi, na sikuwa na njia yoyote ya kujua kama ukurasa ule ni wa mtu anayepima kila asubuhi au wa mtu anayejaza wiki nzima kila Ijumaa.

Kurasa zote mbili zingefanana.

## Wiki ya rangi

Aliyewahi kufanya kazi kwenye mradi wa maji anaijua wiki hii. Barua ikishafika, watu wanakumbuka vitu vilivyokuwa mbele ya macho yao mwaka mzima. Uzio ulioinama unasimamishwa. Ndoo zilizopasuka zinatoweka. Kibao cha kukataza kuingia kinapigwa brashi. Funika kombe mwanaharamu apite, na safari hii mwanaharamu amekuja na kofia ngumu, kalamu na kamera.

Siidharau kazi hiyo yote. Majani marefu huficha ufa kwenye sakafu ya zege ya kisima, hukaribisha panya, na hakuna anayeweza kukagua asichokiona. Kufyeka ni sehemu ya usalama wa maji. Lakini rangi ya mlango? Sijaona fomu ya ukaguzi yenye swali la rangi ya mlango. (Rangi ya tanki la chuma ni habari nyingine, hiyo inazuia kutu.)

Fomu za Shirika la Afya Duniani za ukaguzi wa usafi zina tabia moja inayowachanganya wageni. Maswali yake yameandikwa kwa namna ambayo "ndiyo" ni habari mbaya. Je, kuna choo karibu na kisima? Je, sakafu ina ufa? Je, maji yanatuama pembeni? Kila "ndiyo" ni hatari moja, na mwisho unazihesabu. Nimeona watu wakimjibu mkaguzi "ndiyo" kwa kujiamini, kama mwanafunzi aliyesoma, kabla hajamaliza swali.

Marekani wamegawa ukaguzi wao katika mafungu manane: chanzo, mtambo wa kusafisha, mtandao wa mabomba, matanki ya maji safi, pampu na vidhibiti vyake, upimaji na kumbukumbu, menejimenti, na wenye leseni ya kuendesha mtambo. Kwa kawaida miradi inayohudumia makazi hukaguliwa kila baada ya miaka 3, na ile yenye rekodi nzuri inaweza kuruhusiwa kufika 5. Nimetaja mafungu hayo kwa sababu moja tu: tazama ni mangapi kati yake yanaweza kupakwa rangi.

## Mililita 100

"Lakini maabara ilisema maji yako safi." Hilo ndilo neno la kwanza kutoka kwenye kinywa cha meneja yeyote anayeona ukaguzi unamsumbua. Cheti kipo, kimegongwa muhuri, E. koli, bakteria ya kinyesi, haikuonekana. Mkaguzi anatafuta nini tena?

Kipimo cha E. koli hufanywa kwenye mililita 100 za maji. Tanki la lita 100,000 lina mafungu milioni moja ya mililita 100. Maabara imeonja sehemu moja katika milioni, kwa asubuhi moja, kwenye bomba moja. Ikikuta bakteria, una tatizo hakika. Isipokuta, umejua kwamba asubuhi ile, pale, hapakuwa na kitu. Mvua ya jioni ya siku hiyohiyo cheti hakiijui.

Ukaguzi unauliza swali tofauti kabisa: uchafu ukitaka kuingia, utapitia wapi? Ndiyo maana mkaguzi mzuri anaweza kushika cheti safi mkononi na bado akaandika kwamba mradi uko hatarini, na asijipinge. Vitu hivyo viwili vinasomwa pamoja. Nilichukua muda kulikubali hilo, maana mimi ni mtu wa karatasi, na karatasi yenye muhuri hunituliza.

## Juu ya tanki

Swali la kwanza la mkaguzi wetu, mama mmoja mkimya aliyevaa viatu vya kazi vilivyochakaa kweli, lilikuwa hili: "Nani alipanda juu ya tanki mara ya mwisho, na lini?"

Watu wakatazamana.

Ngazi ya tanki ni mahali ambapo ukaguzi mwingi wa kujiandaa huishia. Chini panafagiliwa, juu hapaonekani. Na hata barua ikisema siku ya ukaguzi, hakuna anayetamani kupanda pale kwenye upepo ili aangalie mfuniko. Yeye alipanda, akiwa amefunga mkanda wa usalama, na akatutaka mimi na fundi tupande mmoja mmoja tuone anachoandika.

Nikaona mambo ambayo nilikuwa nimeyasoma bila kuyaelewa. Mfuniko wa mlango wa tanki unatakiwa ukae juu ya kingo iliyoinuka na kuishukia pande zote, kama kifuniko cha kasha la viatu, ili maji ya mvua yakiteleza yasipate pa kuingilia. Unatakiwa uwe na mpira wa kuziba na kufuli. Wetu ulikuwa na kufuli zuri, jipya, la wiki ile. Mpira wa kuziba ulikuwa umekauka na kukatika upande mmoja, na kidole kilipita.

Tundu la hewa lilikuwa limeelekezwa chini, vizuri, na lilikuwa na wavu. Lakini wavu ule ulikuwa wa kuzuia ndege. Ule unaotakiwa kuzuia wadudu ni mwembamba zaidi, wenye matundu 24 kwa kila inchi. Bomba la maji yanayofurika lilishuka mpaka likazama kwenye nyasi, wakati linapaswa kuishia juu ya ardhi kwa nafasi inayoonekana. Viwango vinavyofuatwa na majimbo kadhaa ya Marekani vinataka sentimita 30 hadi 60, mdomo wake uwe na wavu au kifuniko kinachojifunga. Ukilizamisha kwenye nyasi umempa chura na panya mlango wa mbele.

Mji mdogo wa Gideon, jimbo la Missouri, ulijifunza habari ya matanki kwa njia mbaya. Mwaka 1993, katika mji wa watu wapatao 1,100, mamia waliugua salmonela, bakteria wa kuharisha, na wazee 7 wa nyumba ya kulelea wazee walikufa. Wachunguzi walipofuatilia walifika kwenye tanki lililokuwa na upenyo juu, ambamo ndege walikuwa wanaingia. Kisima chenyewe kilikuwa kirefu. Maji yalitoka chini ya ardhi yakiwa salama, yakachafuliwa yakiwa yamehifadhiwa. Miaka 15 baadaye, Machi 2008, Alamosa huko Colorado ikapatwa na jambo linalofanana: salmonela, maji ya kisima kirefu yasiyotiwa klorini, na hifadhi ya maji yenye nyufa na matundu.

Nilipokuwa nashuka ngazi sikuwa nafikiria Gideon. Nilikuwa nafikiria lile kufuli jipya, na jinsi tulivyojisifu tulipolinunua.

## Mpira ndani ya pipa

Hili ni dogo, ila nimeliona kwa macho yangu na silisahau.

Pembeni ya pampu ya dozi kuna pipa ambamo unga wa klorini huchanganywa na maji. Maji ya kuchanganyia hutoka kwenye bomba la ukutani, kwa mpira. Mpira ule ulikuwa umetumbukizwa ndani ya pipa, ncha yake imezama kwenye mchanganyiko, na umeachwa hivyo kwa sababu ndivyo kazi inavyokuwa rahisi. Shinikizo la maji likishuka ghafla, bomba kuu likipasuka mahali au pampu ikizimika, mpira ule unaweza kufyonza klorini kali kutoka kwenye pipa na kuirudisha kwenye mtandao wa watu.

Dawa yake ni nafasi ya hewa. Ncha ya mpira iishie juu ya ukingo wa pipa kwa angalau mara mbili ya upana wa tundu lake, hata kidogo isipungue sentimita mbili na nusu. Haina gharama. Msumari na kipande cha waya vinatosha. Mkaguzi aliupiga picha, akauinua mpira kwa mkono wake mwenyewe, akauning'iniza kwenye ndoano, kisha akaandika.

Kilichonigusa ni kwamba mpira ule ulikuwa pale siku zote, katikati ya chumba tulichokuwa tumekisafisha mpaka sakafu inang'aa. Mlango uliopakwa rangi ulikuwa hatua mbili kutoka hapo.

## Kifaa chenye hatua

Basi tukafika kwenye daftari.

Alilifungua, akasoma safu niliyokuwa nimeisoma mimi, na uso wake haukubadilika. Hakuuliza "hizi ni za kweli?" Alisema, "Fundi, tupime pamoja."

Fundi akatoa kifaa. Ni kile cha kulinganisha rangi: vichupa viwili, kimoja chenye maji matupu, kingine unatia kidonge, maji yanageuka waridi, halafu unayatazama kando ya rangi zilizochapwa. Akasuuza chupa, akajaza mpaka mstari, akatia kidonge bila kukigusa kwa vidole, akatikisa, akasoma papo hapo. Ukichelewa, rangi huendelea kukolea na unasoma kitu kingine. Mkono wake haukusita hata mahali pamoja. Huyo ni mtu anayepima kila siku. Hilo nililiona, na mama yule aliliona.

"Ngapi?"

"0.5."

"Hatua inayofuata kwenye kifaa chako?"

"Moja."

"Na ya chini?"

"0.2."

Akatoa kifaa chake cha kidijitali. Maji yaleyale. 0.38.

Hapo ndipo kichwa changu kiligeuka. Kifaa cha fundi kilikuwa kinajua namba chache tu. Maji yakiwa na 0.36, jicho linachagua 0.5. Yakiwa na 0.7, jicho linachagua 0.5. Namba ile moja ilikuwa kapu linalobeba kila kitu kutoka 0.35 hivi mpaka 0.75. Fundi hakuwa amedanganya hata siku moja, na ukurasa wake haukuwa unasema karibu chochote.

Nilikuwa nimejiandalia majibu mawili: ni mkweli au ni mwongo. Hili la tatu sikuwa nimeliwazia.

## Hesabu ya stoo

Mama yule hakuishia hapo, na sehemu hii nawaomba wote wanaotunza kumbukumbu waisome polepole.

Aliomba vitu vitatu kwa pamoja: daftari la mita ya kisima, leja ya stoo ya klorini, na daftari la klorini iliyobaki kwenye maji. Mimi nilikuwa nimeviweka kwenye mafaili matatu yenye rangi tatu. Nilijivunia rangi zile. Yeye alivitoa vyote, akavipanga sambamba mezani, akaanza kupiga hesabu kwa kalamu.

Hesabu yenyewe ni ya darasani. Mita inasema lita 100,000 kwa siku. Ukitaka dozi ya miligramu 1 kwa lita, unahitaji gramu 100 za klorini. Unga wenye nguvu ya asilimia 65 unatakiwa uwe kama gramu 154. Kwa siku 30 hiyo ni kilo 4.6. Sasa fungua leja: stoo ilitoa kilo ngapi mwezi huo? Kama daftari linasema 0.5 kila siku na stoo imetoa kilo moja mwezi mzima, kuna mtu ana maelezo ya kutoa. Kama stoo imetoa kilo tano, maneno ya daftari yanaanza kupata miguu.

Zetu zilikaribiana. Zilizidi kidogo, na fundi akaeleza bila kubabaika kwamba unga ukikaa muda mrefu kwenye joto hupungua nguvu, kwa hiyo mwisho wa ndoo hutia zaidi. Mama akatikisa kichwa kukubali, akaandika kitu. Nadhani ndiyo dakika pekee siku ile fundi alitabasamu.

Kwa hiyo klorini ilikuwa inawekwa, na karatasi zetu zilikuwa zinaweza kulithibitisha hilo tangu zamani. Tatizo ni kwamba hakuna mtu aliyewahi kuziweka kwenye meza moja. Mita ni ya mtu wa bili. Leja ni ya mtu wa stoo. Daftari ni la fundi. Kila mmoja analijaza lake kwa uaminifu na hamjui mwenzake ameandika nini.

## Walkerton

Kuna ripoti niliyoisoma zaidi ya nilivyotakiwa baada ya siku ile. Mei 2000, mvua kubwa ilinyesha Walkerton, mji mdogo wa Ontario, Kanada. Samadi kutoka shamba lililo jirani na kisima namba 5 ikapenya mpaka kwenye maji. Watu 7 walikufa, zaidi ya 2,300 waliugua. Mwenye shamba hakulaumiwa. Alikuwa amefuata taratibu nzuri za kilimo. Jaji Dennis O'Connor ndiye aliyeongoza uchunguzi.

Kwenye uchunguzi huo zimo karatasi za kila siku za mtambo. Klorini: 0.5 au 0.75. Siku baada ya siku, mwaka baada ya mwaka. Siku nyingi waendeshaji walikuwa hawapimi, walikuwa wanaandika tu.

Nilisimama hapo kwa muda. Namba ileile.

Ripoti inasema jambo ambalo kila anayekagua au kukaguliwa anapaswa kulijua: mpangilio ule wa namba haukuwa wa kawaida, na mkaguzi ambaye angezisoma karatasi zile kwa makini alikuwa na sababu ya kushtuka. Mji ulikuwa umekaguliwa, mara ya mwisho mwaka 1998. Ripoti inasema pia kwamba vifaa vya kupima klorini na tope muda wote, kama vingekuwa vimefungwa kwenye kisima namba 5, vingeuzuia mlipuko ule wa ugonjwa.

Lakini kilichonikalia rohoni ni kingine. Waliokuwa wanaandika namba za uongo walikuwa wanayanywa maji yale wenyewe, tena yakiwa hayajatiwa klorini. Waliamini ni mazuri. Wakazi nao walikuwa wanalalamikia ladha ya klorini. Ukiwa na uzoefu wa miaka mingi, kisima kinachokupa maji maangavu, na watu wanaonung'unika ukiongeza dawa, karatasi ya kila siku inakuwa usumbufu wa ofisini. Unaijaza ili ofisi ikuache ufanye kazi yako.

Fundi wetu ni kinyume chao. Anapima. Lakini mtu wa mbali akiweka ukurasa wake kando ya ule wa Walkerton, angeutambuaje?

## Kuarifu au kuvamia

Wengi wakisikia haya husema dawa ni moja: wakaguzi waje bila barua. Mwanaharamu avamie, kombe likutwe wazi.

Mimi nakubaliana nusu tu. Ukaguzi mkubwa unahitaji barua. Lazima mwenye ufunguo awepo, ngazi iwepo, ramani ya mabomba itafutwe, fundi asiwe safarini. Na barua yenyewe hutengeneza vitu: nimeona valvu iliyokwama kwa miaka ikifunguliwa kwa sababu tu mtu aliogopa kuulizwa. Kama woga wa wiki moja umeziba ufa, ufa umezibwa. Sioni aibu hapo.

Kisichotakiwa kusubiri barua ni daftari. Mtu aje asubuhi yoyote, afungue ukurasa wa jana, apime maji ya leo, alinganishe, aende. Nusu saa inatosha. Na mtu huyo si lazima atoke serikalini. Anaweza kuwa mtu wa bili kutoka ofisi ya pili, akifundishwa.

Kuhusu kujiandaa kwenyewe, nimebaki na ushauri usio na mvuto wowote. Chukua fomu ya mkaguzi mapema na uijaze wewe, ukifuata njia ya maji: anza kisimani, fuata bomba, panda tanki, malizia kwenye bomba la mteja wa mwisho kabisa. Jaza ukiwa umesimama mahali penyewe, usijazie ofisini. Mpe fomu mtu asiyefanya kazi kwenye mtambo, maana mwenye mtambo haoni mpira uliozama kwenye pipa; ameuona kila siku mpaka umekuwa sehemu ya pipa. Angalia kama kuna bomba la kuchukulia sampuli ya maji ghafi kabla ya klorini, maana bila hilo huwezi kujua kisima chenyewe kinasema nini. Na wanaochukua sampuli waambie wasisuuze chupa ya maabara. Ule unga au matone ndani yake ni ya kuzima klorini, na ukisuuza, klorini inaendelea kuua bakteria njiani, maabara inakuletea cheti kizuri kisicho na maana.

Kasoro mtakayoiona na kushindwa kuirekebisha kabla ya siku, iandikeni. Tarehe iliyoonekana, nani, kitafanyika nini, lini. Hapa ndipo meneja wengi hushika kichwa. Kumkabidhi mkaguzi orodha ya makosa yako? Naam. Atayaona hata hivyo. Kwa miradi ya visima Marekani, kasoro kubwa ikishaandikwa rasmi, mradi una siku 120 za kuirekebisha au kuwa ndani ya mpango ulioidhinishwa. Mwenye orodha tayari ameshaanza kuuandika mpango huo.

## Siku ya 0.1

Baada ya ukaguzi tulinunua kifaa cha kidijitali. Tukaongeza safu mbili kwenye daftari: saa ya kupima, na mahali maji yalipochukuliwa. Mita, stoo na klorini sasa vinakaa kwenye ukurasa mmoja wa mwezi, na jumla zinapigwa chini. Kazi rahisi yote hiyo, ilimalizika haraka.

Iliyoleta mvutano ni kikao.

Nilikuwa nimeeleza kwamba Shirika la Afya Duniani linataka klorini huru isipungue miligramu 0.2 kwa lita pale mteja anapochota, na kwamba kifaa kipya kitatuonyesha siku ambazo tuko chini ya hapo. Fundi alinyamaza mpaka nilipomaliza.

"Hiki kifaa kitasema ukweli," akasema. "Nakikubali. Sasa niambieni. Siku nitakayoandika 0.1, nani ataitwa ofisini?"

Kimya.

"Maana nikiandika 0.5, miaka yote, sijaitwa."

Hakuna ushauri wa vitabuni unaojibu swali hilo. Daftari huandikwa na mtu mwenye mshahara wa kulinda. Ukimfokea kwa namba ya chini, umemfundisha namba ya kuandika. Nilianza kuwaelewa hata wale wa Walkerton kidogo, bila kuwasamehe.

Tulichoandika mwishowe ni utaratibu wa nusu ukurasa. Ikionekana chini ya 0.2: pima tena papo hapo. Angalia pampu ya dozi na pipa. Nenda kwenye bomba la mwisho la mtandao, pima huko. Chukua sampuli ya maabara. Mpigie meneja, na meneja atie sahihi kando ya namba ile pamoja na saa aliyoarifiwa.

Meneja alibisha kwenye sahihi. Alisema sahihi ile itakuwa ushahidi juu yake. Fundi akamjibu kwamba ya kwake imekuwa ushahidi juu yake tangu aajiriwe. Kikao kikaahirishwa, kikarudi, na sahihi ikabaki.

Mwezi wa kwanza wa kifaa kipya una namba za kila aina: 0.42, 0.31, 0.55, 0.38. Upo pia mstari mmoja wa 0.12, asubuhi iliyofuata usiku ambao umeme ulikatika na pampu ya dozi haikuwaka tena uliporudi. Kando yake kuna saa, kipimo cha pili, 0.13 ya bomba la mwisho, namba ya sampuli, na sahihi ya meneja iliyokaa upandeupande kama mtu aliyeamshwa. Ukurasa huo nimeuweka mbele kabisa kwenye faili la ukaguzi ujao. Meneja ameshaniomba niuhamishie nyuma kidogo. Bado tunabishana.